Chai ya Moshi ya Kiriri

Jumatatu, 6 Oktoba

Mama kaacha nusu kikombe tena. Tangawizi mbichi, iliki nimetwanga asubuhi hii hii, maziwa ya yule bwana wa baiskeli anayetoka Cibitoke. Nusu. Anasukuma kikombe taratibu mpaka katikati ya meza, anasema asante, anarudi kwenye tasbihi yake. Zamani alikuwa anagonga kikombe kwa kijiko ili nimwongezee.

Nimekaa na mama mkwe huyu tangu nilipoolewa. Nyumba ni hii hii ya Buyenzi, jiko ni hili hili. Mume wangu ndiye mtoto wake mkubwa, kwa hiyo Mama ni wetu. Sikuwahi kufikiri anaweza kuwa wa mtu mwingine.

Nassor, mdogo wa mume wangu, karudi kutoka Guangzhou na mkewe Shakila. Biashara imewanyookea. Wamepanga villa Kiriri, kule kilimani kwa wenye fedha. Jumapili tumealikwa. Sina hamu.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumepanda Kiriri kwa gari lao. La kwetu liko kwenye foleni ya mafuta tangu juzi, mume wangu kaliacha na mlinzi. Bustani, mapazia mazito, upepo wa kilimani. Shakila kanenepa vizuri. Hilo nimeliona kwanza, na nimechukia kuliona.

Chakula kikaisha. Akaleta chai. Majani meusi marefu, yamejikunja. Akaninusisha. Moshi. Moshi mtupu, kama mtu aliyesahau kufunika sufuria juu ya kuni mbichi. Akaeleza kwamba Wachina wanayakausha hivyo makusudi, juu ya moto wa msonobari, na jina lake ni lapsang. Birika dogo la udongo. Vikombe vya kuchezea watoto. Akamimina maji ya moto kwenye majani, akayamwaga yote. Akamimina mengine, akasubiri kidogo, akatugawia. Hakuna maziwa. Hakuna sukari. Kisha majani yale yale akayarudishia maji. Na tena. Na tena. Kwetu Buyenzi ukimrudishia mgeni maji kwenye majani yaliyotumika, habari zako zitafika msikitini kabla yake.

Nilikuwa namwangalia Mama. Nilikuwa nasubiri kwa raha zangu.

Mama akanywa. Akafumba macho. Akasogeza kikombe apewe kingine, na kingine.

"Eh, mutoto wangu," akamwambia Shakila. "Hii iko chai. Hii naisikia."

Nassor hakupoteza nafasi. Akamwonyesha chumba cha chini, kina choo chake ndani. "Mama, njoo ukae na sisi. Huku kuko baridi, kuko hewa. Utapumuzika." Mama ni mtu wa kusema apana kabla hujamaliza sentensi. Leo kasema, "Tutaona."



Jumatatu, 13 Oktoba

Nusu kikombe.

Jumatano, 15 Oktoba

Niandike hili ili nisipasuke.

Nilipokuja bibi harusi katika nyumba hii, asubuhi ya kwanza nilimpikia Mama chai. Kuni zilikuwa na unyevu. Akaipeleka puani, akatoka nayo hadi mlangoni, akaimwaga uani mbele ya mawifi zangu wote. "Moshi iko ya nyama," akasema. "Haiko ya chai." Nililia chooni. Toka siku hiyo napikia makaa tu, nafunika, nachungulia, naonja. Miaka yote hii hakuna aliyesikia moshi kwenye chai yangu. Wanawake wa avenue hii wananiita niwapikie chai ya matanga.

Sasa Shakila kaleta moshi wenyewe, kwenye pakiti ya dhahabu, na Mama anafumba macho.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mume wangu anasema nina wivu. Ndiyo, ninao. Anataka niseme nini?

Ijumaa, 17 Oktoba

Dereva wa Kiriri kaleta pakiti ya ile lapsang. Zawadi kwa Mama. Kwenye jiko langu.

Nikasema sawa, tuone. Nikaichemsha kama chai inavyochemshwa, na maziwa, na tangawizi, na sukari ya kutosha. Nyumba nzima ikanuka kama mtu anabanika ndagala, dagaa wa ziwani. Nikaonja. Maji ya kuoshea samaki, yametiwa maziwa. Mume wangu kameza funda moja, kaangalia kikombe, kaangalia mlango. Kaenda kunywa soda kwenye butike.

Mama kamaliza chake. Kaomba na kile cha mume wangu.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Chochote chenye mkono wa Shakila kinateremka. Hata kikiwa kichafu namna ile. Changu ndicho kinachokwama kooni.

Jumapili, 19 Oktoba

Mama kapelekwa Kiriri peke yake. Karudi jioni na mtandio mpya. Kile chumba kimepakwa rangi, kasema. Rangi gani? Sikuuliza. Atatoa jibu baada ya harusi ya binti wa rafiki yake kule Cibitoke, tarehe mosi.

Jirani yangu ananipongeza. Eti nitapumzika sasa: hakuna wa kumpikia uji, hakuna wa kumkanda magoti. Nikacheka naye. Kisha nikaja ndani nikawasha makaa bila sababu.

Sitaki kupumzika. Mama yangu mzazi yuko Rumonge, nampenda, lakini sijakaa naye hata nusu ya muda niliokaa na huyu. Huyu ndiye aliyenifundisha kuchagua mchele kwa sikio. Huyu ndiye aliyenishika mkono nilipozika mtoto wangu wa pili. Shakila alikuwa wapi? Alikuwa bado anavaa sare ya shule.

Ananiumiza roho yule mtoto. Na mbaya zaidi, ana adabu. Hanipi sababu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Umeme umekatika tangu juzi. Asubuhi nilikuwa na haraka, kichwa kizito. Nikachukua maziwa kwenye friji bila kunusa, nikapika, nikamimina.

Mume wangu akatema kwenye mkono wake. Maziwa yameharibika. Nikaonja: uchachu, uchungu, kitu cha kutupa. Nikakimbia chumbani kwa Mama kumnyang'anya kikombe.

Kilikuwa nusu tayari. Kiko katikati ya meza.

"Mama, umekunywa?"

"Nimekunywa. Iko muzuri. Sawa na siku zote."

Nikasimama pale na kile kikombe. Sawa na siku zote.

Mchana nikampikia chai bila tangawizi, bila iliki, bila hata chembe ya sukari. Maji ya moto yenye rangi. Nusu. Asante. Iko muzuri.

Jioni nikatoa ile pakiti. Nikafanya kama nilivyomwona Shakila akifanya: maji ya kwanza nikayamwaga, ya pili nikasubiri kidogo, nikamimina kwenye kikombe cha kahawa kwa kuwa vile vidogo sina. Nikamketia karibu. Moshi ulipomfikia puani uso wake ulibadilika, kama mtu aliyeitwa jina. Akanywa yote.

Mama hasikii ladha. Anasikia moshi tu.

Tangu ile homa iliyomlaza mwezi wa saba, nadhani. Ndipo nusu kikombe zilipoanza. Mimi nikafikiri kanichoka.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nilichohisi kwanza ni furaha. Niandike ukweli. Nilifurahi mpaka nikaimba nikifua.

Chai ya Shakila haiishindi yangu. Ina kelele tu. Angempa Mama maji ya masizi, yangesifiwa pia. Nikachukua simu nimpigie. Nilikuwa nimeshapanga maneno, na yalikuwa matamu: "Dada, kumbe chai yako ni dawa ya pua." Nikampigia nikakata kabla haijaita. Nikapanga nimwambie mume wangu kwanza. Nikapanga niseme Jumapili, mbele ya wote.

Kisha nikakumbuka harusi.

Hapa Buyenzi, na Cibitoke, na popote walipo watu wetu, pilau ya harusi haifunuliwi kwa wageni kabla Bibi Aziza hajaonja chumvi. Bibi Aziza ni Mama. Mpishi awe nani, sufuria ziwe ngapi, wanamsubiri yeye na mwiko. Anasema neno moja, na ndilo. Mume wake alipokufa, hicho ndicho alichobaki nacho: kwamba watu wanamsubiri.

Akisema iko muzuri na haiko muzuri, mbele ya wanawake wale, wenye ndimi zile? Hatatoka nje tena.

Simu nimeiweka kabatini.

Jumatano, 29 Oktoba

Nilikuwa naenda stoo kuchukua vitunguu. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Mama yuko ndani, kasimama, kopo la chumvi limefunguliwa. Kachota kwa vidole, kaweka kiganjani, kalamba. Kasubiri. Kachota tena, nyingi zaidi. Kasubiri. Kisha akakaa anaangalia kiganja chake muda mrefu.

Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole. Vitunguu nimeazima kwa jirani.

Anajua. Anajua na hajamwambia mtu. Atakwenda hivyo hivyo Jumamosi, kwa sababu kutokwenda ni kusema.

Leo sijamfikiria Shakila mchana kutwa. Nimeona hilo wakati naandika.

Jumamosi, 1 Novemba

Cibitoke. Turubai imeziba njia, mvua ya asubuhi imeacha matope. Wanawake wote uani, macho mekundu ya moshi. Shakila yuko pale, kapendeza, kajitolea kukata kachumbari na anaikata vizuri. Alaa.

Mpishi akaita, "Bibi Aziza, karibu mwiko."

Kelele zikapungua. Zinapungua kila mara, lakini leo nilizisikia zikipungua. Mama akasogea. Nilikuwa nyuma yake kabla sijaamua kwenda. Akachota, akapuliza, akaweka kinywani. Uso wake haukusema kitu. Akaendelea kutafuna. Mpishi akaanza kupangusa mikono kwenye kanga.

Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Leo Mama ananifundisha. Mnisamehe." Nikachota kwenye sufuria ile ile, nikaonja. Nyama imeiva, mchele umeachana, chumvi haijafika. Nikainama kama namrekebishia mtandio begani. Nikamwambia sikioni, "Bado kidogo."

Mama hakugeuka. "Chumvi," akasema. "Kidogo tu."

"Si nilisema?" mpishi akamkemea msaidizi wake.

Sufuria ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Ya mwisho ilizidi, nikamwambia, naye akaagiza wachanganye na mchele mweupe. Mkono wake ulikuwa umenishika kifundo cha mkono. Hakuna aliyeona. Walikuwa wanaangalia mdomo wake.

Shakila akaja na sahani ya kachumbari. "Mama, wewe uko na ulimi ya dhahabu, vraiment, kweli."

Nilikuwa na neno. Lilikuwa hapa, kwenye meno. Nikala kachumbari.

Jumapili, 2 Novemba

Nassor na Shakila walikuja baada ya adhuhuri kuchukua jibu. Walikuja na gari kubwa, lile la mizigo.

Mama akawaambia apana. Mlima unaumiza magoti, msikiti uko mbali, wazee wenzake wako huku. Nassor akabishana. Mama akasema atapanda kila Jumapili, wasimfanye kama amekufa.

Shakila alilia. Hakulia kwa maonyesho, alitoka nje akasimama karibu na gari, kaupa mgongo mlango. Nikakumbuka kwamba alifiwa na mama yake akiwa mdogo, akalelewa na shangazi wa kumpimia chakula. Niliwahi kuambiwa hilo. Sikuwahi kuliweka mahali popote.

Nilidhani nikishinda nitasikia tamu.

Walipoondoka Mama alikuja jikoni, jambo ambalo hafanyi siku hizi. Akavuta kigoda. Nikamwambia, "Mama, kule ungepumzika kweli. Sisemi kwa unafiki." Nilikuwa nasema kwa unafiki kidogo.

Akachukua kitunguu, akaanza kukimenya.

"Kule nani ataonja?" akasema.

Tukamenya vitunguu mpaka vikaisha.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Pakiti imekwisha. Siku hizi naipika kila jioni, mara tatu kwa majani yale yale, na Mama anamaliza. Mimi nakunywa naye. Bado ni mbaya. Nimeuzoea ubaya wake.

Nilimpigia Shakila kuomba nyingine. Nilikaa na simu mkononi kabla ya kubonyeza, kuomba kwake ni kama kumeza mwiba. Alifurahi mno kusikia sauti yangu, ikanikera, kisha haikunikera. Akaniuliza maji nayaacha muda gani. Akaniuliza kama nayamwaga ya kwanza. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: Mama anasemaje, ipi inampendeza zaidi, ile anayopikiwa Kiriri au ninayompikia mimi?

Nikamwambia ya kwako.

Akasema kesho atashuka mwenyewe, ataleta pakiti mbili.