Afisa wa Usalama Mwenye Ndevu

Nyarugusu,
17 Agosti 1986

Kwako Dada Salvina,

Shikamoo. Kwa heshima kubwa nakujulisha kwamba kikao cha kikundi chetu cha wachimbaji, watu kumi na mmoja, bila hata mmoja kupinga, kimemteua beberu mweusi kuwa Afisa wa Usalama. Niliandika mwenyewe kwenye kumbukumbu, kwa wino. Huku sote wazima, na mumeo Onesmo mzima. Wasiwasi ni juu yenu huko Ushirombo na kile kikohozi cha Klara. Karanga zimefika, wabeja, asante sana.

Cheo kilikuja hivi. Jumanne asubuhi beberu huyo, ambaye hatujui ni wa nani, alinyakua shati la Onesmo lililoanikwa. Zuwena mpishi akapiga kelele, Onesmo akapanda kutoka shimoni akitukana, na wenzake wote wakamfuata ili wacheke. Kabla hawajamkamata, shimo likaporomoka nyuma yao. Hakuna aliyeumia ila shati.

Miaka saba shimo lile halikuwahi kudondosha hata kokoto. Basi tukakaa siku mbili kutafuta fundisho. Bashiri, mwenyekiti, akasema mnyama huisikia ardhi kabla ya binadamu. Mageni akashikilia kwamba siri ni shati, lianikwe kila siku. Zuwena akauliza kama wanaume wazima wameishiwa akili hadi waazime ya mbuzi. Akaambiwa ugali unaungua. Ikapitishwa: beberu afungwe kwenye mdomo wa shimo jipya, akitulia watu washuke. Wa kwanza kushuka, kesho Jumatatu, ni Onesmo.

Hapo kalamu ikanielemea. Dada, kile kitanda nilichokutambia Pasaka nilikiunda kwa matimba, magogo sita yaliyokuwa yakizuia kuta za shimo lile. Niliyang'oa mimi. Nilijiambia: miaka saba halijaporomoka, haya yanafanya kazi gani?

Jana nilisimama kikaoni nikasema yote. Onesmo akasema atashuka, ila mimi nitangulie. Nimekubali. Leo baada ya sala nimegongelea matimba kwenye shimo jipya, sita ya kitanda changu na kumi mengine. Bashiri ameyapiga teke, akaumia yeye. Kwa hiyo usiwe na hofu. Beberu, hata hivyo, walikataa kumvua cheo.

Mwambie Klara mjomba wake sasa analala kwenye mkeka.

Ni mimi mdogo wako,
Stanslaus, Katibu

Nimefungua tena bahasha: mwenye beberu amekuja mchana huu, kampeleka mnadani.