Lundo la Kijivu la Mama Nyangeta

Jumamosi, Mwisenge. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi. Mvua hainyeshi, jua halitoki, na mimi nimenuna hivyo hivyo.

Nakiri mapema: mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua sato namfunua mashavu hata kama muuzaji ni shangazi yangu.

Kazi yangu ya mkataba ni samadi ya nguruwe. Watu wa mjini kitimoto wanakula vizuri tu, ila ukiwatajia samadi wanaziba pua. Nazunguka Bunda na Butiama nikichota sampuli kwenye malundo ya wafugaji, maabara inapima naitrojeni iliyobaki, halafu tunalinganisha na Uholanzi: kwao inapotea kiasi gani, kwetu kiasi gani. Naitrojeni ndiyo chakula cha mahindi. Ikishapotea hewani, unabeba takataka kwenda shambani.

Majibu yalipokuja, sisi tunapoteza kuliko wao, tena kwa mbali sana. Na lundo baya kuliko yote ni la Mama Nyangeta wa Nyamuswa, kule Bunda, mjane mwenye nguruwe watatu, ambaye hunipokea kwa uji na kiti chenye kitambaa cha kufuma.

Ukarimu ule ulinikera. Nikasema, huyu anaficha kitu.

Nikaunganisha mambo. Lundo lake ni la kijivu. Halinuki. Na jirani yake ana mchicha uliostawi kupita kiasi. Basi: anamuuzia jirani samadi nzuri, halafu anajazia udongo ili mimi nikute lundo.

Alhamisi nikamwandikia bosi kwamba mfugaji huyu si mwaminifu, aondolewe. Kila anayemaliza utafiti anajengewa sakafu ya zege bandani, na Mama Nyangeta ameisubiri sakafu hiyo mwaka mzima. Nilijua ninachomnyima. Nikabonyeza kutuma.

Leo nikaenda kumfumania. Sikupiga simu. Nilishuka kwenye basi Nyamuswa, nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva azime pikipiki kabla hatujafika. Yaani kama polisi.

Lundo lilikuwa jeusi, limeloa, linanuka hadi machozi yakanitoka. Samadi halisi. Mama Nyangeta akatoka jikoni mbio na beseni la majivu ya kuni, kanga inamdondoka.

"Mwanangu, mbona hujapiga simu? Si unapigaga siku zote!"

Alikaribia kulia kwa aibu. Akaanza kumwaga majivu pale pale huku akitafuta jembe. Nikamuuliza anafanya nini, akanishangaa kweli.

"Nakata harufu. Ukipigaga simu nachanganya jioni hiyo hiyo, asubuhi ukija panakalika. Mgeni nimkalishe kwenye uvundo?"

Majivu.

Nilifundishwa hilo chuoni, na mtihani nikafaulu: majivu yakichanganywa na samadi mbichi yanaifukuza naitrojeni hewani. Kila niliposema "Mama, nakuja kesho," nilikuwa naagiza ipotee.

Na mchicha wa jirani? Ana ng'ombe wanne, wamefungwa nyuma ya bustani. Siku zote walikuwepo, sema mimi nilikuwa natazama udongo wa kufikirika.

Nilikunywa uji. Akaniuliza mafundi wa sakafu watakuja lini, nikasema sijui. Nilitazama chini muda wote, nikaona haya ambayo sijawahi kuona tangu nianze kazi hii.

Kinachonitesa sasa ni kwamba hata Butiama nawapigiaga simu. Wote. Ni wangapi wanaonipikia majivu? Jedwali zima la majibu silielewi tena: tunachopoteza ni kwa ufugaji wetu, au kwa heshima ya kumpokea mgeni? Hata Waholanzi nimeanza kuwashuku. Nao wakipata mgeni, wanamwaga nini?

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na bosi hatapenda kusikia kwamba kazi ya mwaka mzima irudiwe.

Nimefungua kompyuta. Nikaanza, "Kuna dosari imejitokeza." Nikafuta. Nikaandika, "Imebainika kwamba mfugaji." Nikafuta hiyo haraka zaidi.

"Nimekosea mimi, Mama Nyangeta hana kosa, sakafu yake ijengwe."

Hiyo nimeiacha, nikabonyeza kutuma kabla sijaanza kuishuku.