Siku Tano za Matanga ya Baba

Ndugu yangu Ochieng',

Nimeandika habari za vifo vingi, lakini chako kinanishinda kupanga. Nitakueleza ninachojua.

Baba alipofariki ulinipigia simu kutoka kliniki, Kisumu. Ulisema methadoni, ile dawa iliyokutoa kwenye heroini, hunywewa palepale kila asubuhi mbele ya muuguzi, kisha anakusemesha ili aone umemeza. Wewe ulimwambia, "Sista, leo umepunguza sukari." Chupa huruhusiwi kubeba hadi kwetu Bondo. Nikakujibu kwamba kifungua mimba haachi boma matanga ya baba yake hayajaisha. Baba mdogo akaongeza, "Dawa gani haiwezi kungoja maiti?"

Ulikaa siku tano bila dawa, ukitetemeka. Waombolezaji walidhani ni uchungu.

Uliporudi Kisumu, kliniki ilikuanzishia upya kwa dozi ndogo, kwa usalama wako. Haikutosha. Ukarudia heroini, kipimo kile cha zamani. Mwili haukukiweza tena. Ukafia chumbani kwako, Nyamasaria.

Muuguzi ameniambia kwamba tungeuliza mapema, huenda wangetafuta njia. Huenda. Nimelizungusha neno hilo hadi limepoteza maana. Ni mila iliyokuua, au ni mimi niliyeogopa maneno ya watu? Kazi yangu ni kuuliza. Hili sikumuuliza mtu.

Akinyi, uliyekuwa ukipanga foleni naye kliniki, alikuja kukuzika. Asubuhi ya mazishi akanivuta kando. "Bwana mwandishi, usiponipeleka Kisumu nikanywe dawa, wiki ijayo mtachimba kaburi lingine." Akacheka. Nikawasha gari. Baba mdogo akasimama mbele ya gari, mikono kiunoni, nikampita pembeni. Kumbe huku nyuma mawingu ya mvua yalitanda, wakaharakisha ibada. Tuliporudi vijana walikuwa wakisawazisha udongo. Sikutupa hata konzi moja ya udongo kaburini mwako.

Sasa nyumbani hawanisemeshi. Sijui kama siku ile nilimpeleka Akinyi, au nilikuwa nakupeleka wewe, nimechelewa. Kuna wakati naona nilifanya sawa. Halafu nakumbuka nimewakosea ndugu zangu wote, na wewe mara mbili.

Pumzika, kaka. Msiba mwingine ukiingia bomani kwetu, kabla sijauliza nani atabeba jeneza, nitauliza nani anatakiwa kliniki asubuhi. Nitauliza kwa sauti, Baba mdogo akiwa ameketi pale.

Mdogo wako,
Owino