Jina la Aliyeshona

Dubai, 9 Novemba 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na sukari haijapanda. Mimi mzima, ila basi la kutoka International City linanichelewesha mpaka msimamizi ananiita Bwana Saa Mbili.

Sasa keti. Jumba ninalolinda, hapa kando ya Khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, wameonyesha vitu vya kale vilivyopita bandari hii: milango, mitungi, masanduku. Kwenye kabati la kioo mna kofia ya vito kutoka Lamu, ile ya vitundu vilivyodariziwa kwa mkono. Siku tatu nimeilinda bila kuitazama. Ya nne nikainama. Mishono ya ukanda wa pembeni imelalia kushoto, mama! Nani mwingine anashona kwa kushoto? Kibandiko kinasema "Fundi hajulikani." Niliumia.

Nimekutumia picha. Ni yako? Nijibu nimwambie madam Rahaf, mkuu wa maonyesho.

Mwanao, Shakir

Lamu, 10 Novemba 2024

Mwanangu Shakir,

Marahaba. Goti bado bishi, sukari inasikia dawa. Wewe unakula, au unashindia chai na mkate?

Picha nimeiona, nikalia kidogo. Ndiyo ile aliyoinunua Fawaz, mfanyabiashara wa Deira, huko huko Dubai, mwaka ule wewe ulipoanza kutembea. Ni yangu. Waambie.

Mamako

Dubai, 30 Novemba 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo na baridi ya asubuhi? Mimi nimevimba kichwa. Kibandiko kipya kimewekwa: "Imeshonwa na Fairuz binti Athman, Lamu." Kila anayepita namwambia, "Huyo mama yangu," hata asiyeuliza.

Wanafunzi wa usanifu wamekuja kuchora maua yako. Madam Rahaf anasema huko kwetu mashine zimeshaua kazi hii, kwa hiyo anaomba uwafundishe kwa video, kofia nzima, kuanzia duara la juu. Sema lini.

Mwanao, Shakir

Dubai, 22 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Wiki tatu kimya. Jirani anasema u mzima, unakwenda sokoni. Nimekukosea nini?

Shakir

Lamu, 19 Januari 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hukunikosea. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na aibu.

Duara la juu siwezi kulifundisha kwa sababu si langu. Itazame tena picha: mishono ya juu imelalia kulia. Ni mkono wa Nana binti Adib wa nyumba ya nyuma, yule uliyekuwa ukiniuliza mbona hatusalimiani. Tulishona pamoja tangu usichana, yeye duara, mimi ukanda. Fawaz alipouliza ni kazi ya nani, nikasema yangu. Nana alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Aliliweka chini, akaenda kwao.

Robo karne tumeishi hivyo. Nawe uliponiuliza, nikasema vilevile. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yangu imeishia kwako. Waambie waliondoe jina langu. Nisamehe.

Mamako

Dubai, 21 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Sikufichi, nilikasirika. Nilikuwa nimejisifu mno, na kumwendea madam Rahaf kulikuwa kama kumeza mwiba. Lakini anasema haondoi jina, anaongeza. Anataka tu idhini ya Bi Nana, na jinsi anavyopenda jina lake liandikwe.

Ruhusa hiyo siwezi kumwomba mimi. Ni hatua ishirini tu, mama. Nakupenda.

Mwanao, Shakir

Lamu, 6 Februari 2025

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, na leo nimeshiba. Mara tatu nilifika mlangoni pa Nana nikarudi. Ya nne akafungua kabla sijabisha. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanitoroka yote, nikasema tu, "Nilikudhulumu." Akasogea kando ya mlango. Kisha akasema, "Ingia, wali unapoa."

Nimemwonyesha picha. Akaikuza kwa vidole, akaniambia ukanda wangu umepinda. Sasa ananipokonya simu.

Shakir, ni Nana hapa. Waandike Nana binti Adib na Fairuz binti Athman. Nitangulie mimi, maana duara hushonwa kwanza. Mamako amekubali, ingawa amenuna. Hao wanafunzi tutawafundisha sote wawili.

Miaka yote hii sikuacha kushona, mwanangu, ila sikumpa mtu mwingine anishonee ukanda. Sandukuni mna maduara kumi na tisa. Leo tumelitoa la kwanza, na mamako anatafuta miwani yake.

Mama zako,
Fairuz na Nana