Dada Kolumba, Wananitaka Nirudi Darasani

Dada Kolumba,

Tangu tukuzike kule Liuli sijapata mtu wa kugombana naye sawasawa. Walimu vijana wananiacha niseme mpaka nimalize, kisha wananiambia, "Sawa, mama." Sawa, mama! Wewe ungekwisha kunikata kauli: "Hapo umedanganya, mwanamke wa mlimani. Anza upya."

Mengi yamebadilika. Kahawa sasa inanunuliwa na yeyote mwenye lori na mzani, na redio inatuambia hiyo ndiyo neema. Karibu na stendi ya Mbinga wamefungua duka la kompyuta. Mkuu wa shule naye ametutangazia kwamba sisi wenye stashahada, tukitaka kubaki na kidato cha tano na sita, tutafute shahada. Kuna chuo kinafundisha kwa njia ya mtandao. Majina yanapelekwa Jumatatu.

Unajua nilivyowaka. Nikasimama mbele ya wote: "Elimu nayo imetiwa kwenye mzani! Nimefundisha historia mpaka nimeota mvi, leo mashine ndiyo inithibitishe?" Wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani mshindi, na chakula hakikushuka.

Maana ukweli, nakuambia wewe tu, ni kwamba naitaka hiyo shahada. Nimeitaka tangu siku zile tukingoja basi Kitai, wewe ukisoma kwa sauti gazeti la wiki iliyopita, mimi nikipinga kila sentensi, abiria wakidhani tutapigana. Masomo siyaogopi. Naogopa kukaa kwenye benchi la duka lile nikimuuliza binti niliyemfundisha mwenyewe nibonyeze wapi. Naogopa kuchekwa, dada. Mimi!

Ndipo nikakukumbuka shambani kwa mama mkwe wangu. Wanaume walikuwa wamekata nyasi na kuzilaza miraba miraba shamba zima, zimekauka, zinatungoja sisi wanawake tuzifukie kwa udongo, kila mraba uwe shimo la ngolo la kuzuia maji ya mvua. Wewe, mtu wa ziwani uliyezoea mihogo kwenye mchanga, ukatangulia asubuhi kutuonyesha bidii. Ukazikusanya zote, ukazichoma! Tulipofika ulikuwa umesimama na reki, shamba jeupe, unangoja sifa.

Mama mkwe akashika kiuno. "Mwalimu, umetupikia shamba!"

Mabinti walicheka mpaka wakakaa chini. Nawe ukacheka kuliko wote, ukavua viatu, ukasema, "Haya, nani ananifundisha?" Nyasi nyingine zikakatwa. Siku ya kufukia ukarudi, ukapangwa katikati ya watoto wa darasa la sita. Shimo lako la kwanza lilibomoka. La pili pia. Lilipokuja kusimama moja ulijipigia vigelegele mwenyewe, ukatangaza kwamba sisi Wamatengo hatujui kulima, tunajua kutoboa milima. "Na nyinyi mnaanika usipa, dagaa wenu hao, mpaka mbele ya altare," nikakujibu.

Ulikuwa na umri wangu wa leo, Kolumba. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Basi jana nikaenda dukani. Yule binti akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu. Nikufungulie?" Nikamwambia hapana, nifundishe nifungue mwenyewe. Nikabonyeza nisipopaswa, kioo kikawa cheusi, na watu wote wa kwenye benchi wakacheka. Na mimi nikacheka, ingawa nilichelewa kidogo.

Jina langu limeandikwa. Usidhani nimesalimu amri. Bado nasema elimu si bidhaa, na wahadhiri wao nitawaandikia hivyo hivyo kwenye jaribio la kwanza, wanipe sifuri wakipenda. Nawe nakuahidi: sitapeleka kwao hoja yoyote ambayo wewe ungeibomoa.

Pumzika huko kwenu ziwani, dada yangu. Mimi naenda shule.

Mdogo wako,
Gaudensia