Tairi Kubwa la Mbele
Ijumaa, Mafiga

Niliijaribu baiskeli ikiwa tupu. Hilo ndilo linalonikera mpaka sasa.

Shemeji yangu Hamisi alilalamika kwamba tairi la mbele linanasa kwenye mawe akishuka mlimani na ndizi. Nikamfungia ringi kubwa na foku, ule uma unaoshika tairi, ndefu zaidi. Nikaipanda mwenyewe, ikapita juu ya mawe kama hayapo. Akafurahi, akaondoka nayo mchana kwenda kwake juu.

Jioni ndiyo nikaikumbuka mikungu. Mbele sasa kumeinuka, kwa hiyo mzigo wa kwenye keria utavuta nyuma zaidi. Tairi la mbele litakuwa jepesi, na kwenye zile kona za mlimani usukani hautamsikiliza. Fundi mzima, nikasahau ndizi.

Simu yake haipatikani. Nikitoka kabla ya adhana ya alfajiri, labda nitamkuta hajaanza kushuka. Au nitamkuta…

Mke wangu ameniuliza, “Kaka atafika saa ngapi kesho?”

“Kabla ya chai,” nikamjibu.

Ameshamwekea kikombe mezani.