Wali wa Siku ya Kumzika Baba

4 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo wewe na watoto? Mimi bado nimelazwa hospitali, mguu uko kwenye plasta, na daktari amekataa katakata nisafiri. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunalia tu, hatupangi kitu.

Chakula cha waombolezaji kiwe cha kawaida: wali, maharage, kabichi, chai. Waachie wapishi wenzako wa pale shuleni. Najua mkono utakuwasha kushika mwiko. Usiushike! Siku hiyo wewe ni mtoto wa marehemu. Tupia udongo wako kaburini, kisha utupe mwingine kwa niaba yangu. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Dada yako


6 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, na kitambi changu kinaendelea kukua bila kujali msiba. Dereva wa basi amenifikishia barua yako. Nimekusikia. Msaidizi wangu, yule tunayemwita Profesa kwa kuwa ana jibu la kila kitu, atasimamia masufuria. Nyama nimeongeza, usinigombeze. Shangazi anasema maharage matupu yatatuletea maneno. Mimi nitavaa suti ya harusi yangu, vifungo vikikubali. Udongo wako nitautupa kabla ya wangu.

Mdogo wako


9 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mzee tumemzika salama. Watu walijaa mpaka nje ya geti. Na chakula, dada! Wali ulichambuka punje moja moja. Nyama ililainika hata wasio na meno wakaongeza. Shangazi alilamba vidole mbele ya wakwe zake, akajifanya anajifuta machozi. Hakuna aliyeondoka na njaa.

Mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Poleni kwa kazi. Mguu unawasha, ndiyo dalili ya kupona. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Wali nimeuona, nyama nimeiona, vidole vya shangazi nimeviona. Kaburi sijaliona. Nani alisimama karibu yako? Udongo ulikuwa mkavu au umelowa? Niambie.

Dada yako


20 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kukawia. Kila nikishika kalamu naenda kukata vitunguu ambavyo hakuna aliyeviomba.

Udongo ulikuwaje, sijui. Sikufika.

Jeneza lilipotoka, nilipita jikoni kuchungulia tu. Profesa alikuwa amezidisha maji, wali unaelekea kuwa uji. Nikamwambia, "Lete mwiko."

"Bosi, watu wanaondoka! Nenda! Ukiwa uji tutakunywa uji."

"Nawafuata sasa hivi."

Nikavua koti. Nikapunguza maji, nikapanga makaa juu ya mfuniko. Na ulipokaa sawa, dada, nilifurahi. Siku ya kumzika baba, nilifurahi! Kuinua kichwa, nasikia viatu getini. Wamesharudi.

Nikachukua jagi na beseni niwanawishe, maana ningejificha wapi? Kila mkono ulioletwa mbele yangu ulikuwa na udongo. Nikamimina maji, udongo wa baba ukawa unashuka kwenye beseni, na mikono yangu inanuka vitunguu. Shangazi akauliza, "Ulisimama wapi wewe? Sikukuona." Nikasema, "Nyuma." Kisha nikalimwaga beseni mtaroni kama siku nyingine yoyote.

Hadi leo watu wananisimamisha barabarani kuusifia ule wali. Natamani ardhi ipasuke. Makaburini sijaenda. Ningeanza kumwambia nini?

Mdogo wako


23 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Nilikuandikia maneno makali, kurasa nzima, nikazichana. Nesi kanikuta na vipande kitandani akadhani ni barua ya mapenzi.

Nilikuwa najua. Shangazi alinipigia jioni ileile. Alisema huko nyuma alitazama, hakukuwa na mtu. Nilikuuliza ili nione kama na mimi utaniambia "nyuma".

Bado nina hasira, usijidanganye. Lakini plasta inatolewa Jumatatu, na Jumanne napanda basi. Nisubiri stendi. Tutapitia makaburini kabla ya nyumbani, na utanishika mkono kwa sababu nachechemea. Kama huna la kumwambia, nitaanza mimi.

Usipike chochote. Tukisikia njaa, tutanunua mkate njiani.

Dada yako